Mahindi Yenye Ukungu Hayafai Hata kwa Pombe



Mama mmoja aliyemleta mjukuu wake kliniki alituuliza swali ambalo tumelisikia mara nyingi, wodini na vijijini, na mwezi huu tumeona tulijibu kwa kirefu. Alisema: "Sista, mahindi yangu gunia mbili yamepata ukungu. Kwa ugali hayafai, hilo nalijua. Lakini nikiyapika pombe, si moto utaua?" Mama huyo ni mjane. Pombe ndiyo inayomlipia madaftari na sare za wajukuu, na magunia hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mtaji wake wote. Kwa hiyo hatukuweza kumjibu kwa neno moja tukamwacha aende, ingawa jibu lenyewe ni neno moja: hapana.

Kabla hatujaendelea, tuondoe wasiwasi wa wale wanaodhani kwamba ukurasa huu umeanza kuhubiri dhidi ya kibuyu. Habari ya ulevi tumeiandika na tutaiandika tena. Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, na Dodoma yetu inajulikana kwa zabibu na divai yake. Leo tunazungumzia kile kinachoingia chunguni, maana aliyekunywa kata moja ya pombe iliyopikwa kwa nafaka mbovu anaweza kupata madhara ambayo mlevi wa nafaka safi hakuyapata.

Tuangalie kwanza pombe inavyopatikana. Akina mama wa Ugogo wapikao ujimbi wanajua kazi hii kuliko sisi. Mtama au uwele huloweshwa usiku kucha, kisha hufunikwa mahali penye joto na unyevu mpaka uchipue, halafu huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga hupikwa uji, uji huachwa upoe na uchachuke, aghalabu hupikwa tena, na ukishapoa kiasi cha kuweza kutia mkono, kimea hutiwa. Baada ya usiku mmoja au mbili mapovu huinuka, pombe huchujwa, na watu huitwa.

Ndani ya chungu kuna kazi mbili zinazofanyika. Nafaka inapochipua hujitengenezea viini vya kugeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana kimea ni kitamu ukikitafuna. Kisha chachu, ambayo ni kiumbe kidogo sana kisichoonekana kwa macho, hula sukari ile na kutoa vitu viwili: kileo na hewa ya kaboni. Yale mapovu ndiyo hewa yenyewe ikitoka. Ukiifungia ndani ya chupa kabla chachu haijamaliza kazi, hewa hukosa njia na chupa inaweza kupasuka kama risasi. Tumewahi kutoa vigae vya chupa kwenye mkono wa kijana aliyefanya jaribio hilo.

Ulaya na Australia wako watu wengi wapikao bia nyumbani. Wao hawaoteshi nafaka, bali hununua kopo lenye shira nzito ya kimea pamoja na pakiti ndogo ya chachu. Padre mmoja mgeni alipata kutuonyesha namna yake. Aliyeyusha shira kwa maji ya moto, akaongeza sukari na maji baridi, akanyunyizia chachu, akafunika ndoo kwa muda wa wiki moja na zaidi. Halafu akajaza chupa, kila moja na kijiko kidogo cha sukari ili iwe na mapovu, akazifunga na kuziweka tena wiki kadhaa. Bia yenyewe ilikuwa chungu, wala hatukuisifu sana. Kilichotushangaza ni kuosha. Siku nzima alikuwa akiosha! Ndoo, mpira, chupa, vizibo, kijiko, vyote kwa maji ya moto na dawa. Tulipomwuliza alisema kwamba kupika ni saa moja, kazi iliyobaki ni usafi. Na kimea cha kopo lile kilitoka kiwandani, mahali ambapo shehena ya nafaka hukaguliwa kabla ya kupokelewa. Huku kwetu mkaguzi ni mama mwenyewe, na jicho lake, na pua yake. Yafaa basi ajue anatafuta nini.

Anatafuta ukungu, kwa Kiswahili cha wataalamu kuvu. Upo wa rangi nyingi, lakini ulio mbaya zaidi kwa mahindi na karanga mara nyingi huwa wa kijani kilichochanganyika na manjano. Ukungu huo hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo siku hizi watumishi wa afya na kilimo huiita sumukuvu. Watu wafahamu vizuri jambo hili: ukungu ni kitu kimoja, na sumu iliyoachwa na ukungu ni kitu kingine. Moto wa kupikia huua ukungu. Sumu haina uhai, basi haiuawi. Ili iharibike yahitaji joto la zaidi ya digrii 200, na maji ya kuchemka hayafiki hapo hata kidogo. Tena kwetu Dodoma, kwa kuwa tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii kama 96 tu, kabla hata ya kufika 100.

Je, kuchachua hakusaidii? Wataalamu waliopima wameona kwamba sumu hupungua kiasi katika hatua fulani za utengenezaji, lakini haiishi. Sehemu huingia katika pombe na sehemu hubaki katika machicha. Na machicha yanakwenda wapi? Kwa kuku, kwa nguruwe, kwa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akila sumukuvu huitoa katika maziwa, na mama anyonyeshaye vivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto ambaye hajawahi kuonja pombe naye anaweza kupata sehemu yake.

Sumu hii ilijulikana kwa mara ya kwanza kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Wazee wa Kongwa watakumbuka kwamba Waingereza hao hao ndio waliokuja kwetu mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta, wakashindwa na kufunga kazi mwaka 1951. (Karanga za bata mzinga hazikuwa zetu, zilitoka Brazil.)

Kwa binadamu msiba mkubwa jirani yetu ulikuwa Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui. Wagonjwa 317 waliandikishwa, na 125 kati yao walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Na asidhani mtu kwamba hayo ni ya Kenya tu. Mwaka 2016, kuanzia mwezi Mei, watu wa Chemba na Kondoa katika mkoa wetu, na wa Kiteto mkoani Manyara, walianza kuumwa ugonjwa ambao mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Macho yalikuwa ya manjano, walitapika, matumbo yaliuma na kujaa maji. Waliandikishwa wagonjwa 68, nao 20 wakafariki. Ilikuwa sumukuvu katika mahindi. Hatuna dawa ya kuiondoa mwilini. Tunachoweza ni kumtegemeza mgonjwa kwa maji, chakula safi na uangalizi, na kuomba ini lake lisiwe limechoka sana.

Hao ni wale waliokula sumu nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi haumwi leo wala kesho, bali ini lake huharibiwa polepole, na hatari ya saratani ya ini huongezeka, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Watoto wetu wamekuwa wakichanjwa dhidi ya homa hiyo tangu mwaka 2002, lakini wengi wetu watu wazima hatukupata chanjo hiyo utotoni. Na kileo chenyewe ni mzigo kwa ini lile lile. Mtu anywaye kila siku pombe ya mahindi mabovu anaupiga mgongo mmoja kwa fimbo mbili.

Tuna kisa kingine, cha Msumbiji, ambacho kinahusu pombe yenyewe. Mwezi Januari mwaka 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, watu waliotoka mazishini walikunywa pombe ya kienyeji ya unga wa mahindi. Kesho yake wakaanza kufa. Walikufa watu 75, na mama aliyeipika alikuwa mmojawapo. Siku zile habari ilienea kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba, yaani kwamba kuna mtu aliyewaua. Wataalamu walipopima sampuli waliikuta sumu ya namna nyingine kabisa, iliyotengenezwa na bakteria walioota katika unga ulioharibiwa na mafuriko. Hakukuwa na mamba. Kulikuwa na unga mbovu ambao mtu aliona ni hasara kuutupa.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu ya pili pia. Katika vijiji vyetu, watu watatu wakiumwa baada ya kunywa katika nyumba moja, swali la kwanza ni "nani kawawekea?" Na anayenyoshewa kidole ni mama mpikaji, mara nyingi mjane, mara nyingi mzee, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni miaka arobaini. Tumewaona wanawake waliofukuzwa kwao kwa maneno ya namna hiyo, nasi twasema wazi kwamba ni dhambi na ni ujinga. Kama watu wameumwa, litafutwe gunia.

Sasa mama mwenye magunia mawili afanyeje? Kama ukungu umeenea gunia zima, mahindi yameshikana madonge na harufu ya uvundo inatoka, yote yafukiwe shimoni au yachomwe mbali na watu. Wasipewe kuku wala nguruwe. Wala asiyauze Kibaigwa au kwa mfanyabiashara wa lori, maana mahindi hayo yatageuka unga wa mtoto wa mtu mwingine. Tunajua neno hili ni gumu kwa mtu mwenye njaa, hasa miezi ya Januari na Februari. Sisi wenyewe tumelisema huku tukitazama chini.

Kama ukungu umegusa sehemu ndogo, mahindi yachambuliwe punje kwa punje, mchana, juu ya kitambaa cheupe. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zote zitupwe. Sumu nyingi hukaa katika punje chache, hivyo kuchambua hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ingawa hakuiondoi yote. Sheria inaruhusu sumukuvu isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi, kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona. Mahindi mazuri kwa sura yanaweza kuwa nayo, na yenye sura mbaya ni wazi kwamba hatupaswi kujaribu bahati.

Afadhali kuzuia. Mahindi yakipigwa na ukame shambani ukungu huyaingia yangali kwenye mabua, na kwetu ukame si mgeni, maana hapa Dodoma mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimeta 600. Mtama na uwele huvumilia ukame, tena kwa kawaida hushikwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi na karanga. Babu zetu walipika ujimbi wa mtama na uwele. Sisi tumehamia mahindi kwa sababu ya ugali mweupe, kisha mahindi yanayoharibika tunayapeleka kwenye pombe. Kwa maoni yetu, mama anayepika kwa ajili ya kuuza arudie uwele. Wanywaji wenyewe, tukiwauliza faraghani, wanakiri kuwa una ladha bora.

Nafaka ya aina yoyote ikivunwa isirundikwe chini. Ianikwe juu ya turubai au mkeka, au juu ya paa la tembe lililotandikwa kitu safi, na iondolewe kabla ya umande wa jioni. Kujua kama imekauka, chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko. Tia kijiko kikubwa cha chumvi iliyokauka vizuri na nafaka ya kufika kama robo ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, nafaka bado mbichi, irudi juani. Chumvi ikianguka yote chini, iweke kwenye kilindo au ghala, magunia yakae juu ya vichanja yasiguse ukuta wala sakafu. Mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni mizuri sana, mradi nafaka iwe imekauka kabisa. Ukifungia nafaka mbichi humo utaivundisha kwa gharama.

Kuhusu kimea tuna maneno matatu. La kwanza, joto na unyevu unaochipusha mtama ndio unaootesha ukungu, basi kimea kisikae kufunikwa zaidi ya siku zinazohitajika, gunia la kufunikia lifuliwe kila mara, na kikiwa na nywele za kijani kitupwe. La pili, wafugaji wote wanajua kwamba ng'ombe akila machipukizi machanga ya mtama anaweza kufa palepale. Ni sumu iliyomo katika chipukizi. Kwa hiyo kimea cha mtama kikikauka kisuguliwe kwa mikono, machipukizi na vimizi vipepetwe na kutupwa, ndipo kisagwe. Bibi zetu walifanya hivyo bila kusoma shule yoyote. La tatu, mbegu za dukani zilizopakwa rangi nyekundu, waridi au kijani zimetiwa dawa ya wadudu. Haziliwi, hazioteshwi kimea, hata zikioshwa mara kumi.

Vyombo navyo. Pipa lililobeba dawa ya pamba au ya mifugo halisafishiki kwa majivu wala kwa mchanga, liachwe. Ndoo na mapipa ya bati lenye kupakwa zinki si ya kuchachulia, kwa kuwa uchachu wa pombe hula zinki ile na wanywaji hutapika. Chungu cha udongo, sufuria safi au ndoo ya plastiki ya chakula vinatosha. Maji ya kuzimulia pombe mwishoni ndiyo yanayosahaulika: uji ulichemshwa vizuri, halafu mtu anaongeza maji ya lambo yasiyochemshwa! Wengine wametuambia kwamba wapo wanaotia mbolea au betri ili pombe iwe kali. Hatuna la kusema juu ya hao isipokuwa waache leo.

Mama mjamzito asinywe pombe kabisa, hata ujimbi mwepesi, na mtoto asipewe machujo eti alale. Togwa isiyo na kileo, ya nafaka safi, inawafaa wote wawili.

Basi yule mama tulikwenda naye hadi kwake siku ya kliniki ya kijiji. Gunia moja lilikuwa limeharibika lote, tukalifukia pamoja na vijana wa jumuiya ndogondogo. La pili tulilichambua mchana kutwa na wajukuu zake, tukapata debe tatu hivi za punje nzuri, nyingine zikatupwa. Kamati ya Karitasi ya kigango ikamkopesha uwele wa kuanzia. Hatukuweza kumrudishia thamani ya mahindi yake, naye hakuficha kwamba ameumia. "Sista," alisema, "kama mngekuja mwezi wa sita, wakati naanika."

Kwa hiyo msomaji anayevuna mwezi wa sita atafute chupa na chumvi sasa. Na mahali popote ambapo watu wawili au zaidi wa nyumba moja, au waliokunywa kilabu kimoja, wanatapika, wana macho ya manjano, tumbo linajaa au miguu inavimba, waletwe hospitali siku ile ile, bila kupitia kwa mganga. Mjulisheni pia mwenyekiti wa kijiji. Mleteni mgonjwa pamoja na kikombe kimoja cha nafaka au unga uliotumika, ukiwa ndani ya mfuko wa karatasi, na chupa ndogo ya pombe yenyewe kama imebaki. Iliyobaki chunguni isinywewe wala isimwagwe mpaka afisa wa afya aione.